Kuchagua samaki wa tangi la ofisi hapa Kisumu, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuhudumia matangi ya samaki kwa maofisi hapa Kisumu, mara mojamoja nafika Nakuru, na karibu kila mteja akinipigia anaanza na rangi: "Nataka wale wa orenji, na wale wa bluu." Rangi ingoje. Samaki wa ofisi unamchagua kwa swali moja tu, mlango ukifungwa Ijumaa jioni na stima ipotee usiku, huyu atafika Jumatatu? Nyumbani kuna mtoto atagundua pampu imenyamaza, ofisini kuna soja peke yake na yeye yuko geti.

Hatua ya 1: Soma ofisi yenyewe

Weka thamomita kwa ndoo ya maji pale pale tangi litakaa, soma asubuhi mkifungua na tena saa tisa mchana, fanya hivyo siku tatu nne. Kisumu mara nyingi utapata nyuzi 25 mpaka 28 na hita huhitaji, isipokuwa ofisi ya eisi inayonguruma kutwa nzima. Nakuru ni hadithi nyingine, mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi ya usiku inaingia mpaka kwa maji, kwa hivyo huko nunua hita, ya wati 100 inatosha tangi la lita 100.

Halafu uliza swali ambalo watu husahau: hapa mnapuliza dawa ya mbu? Na Kisumu tunapuliza jamani, tusidanganyane. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, sumu ya wadudu ambayo mtu hata hasikii lakini samaki inammaliza, na pampu ya hewa ndiyo inavuta hiyo dawa kutoka chumbani inaisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Siku ya kupuliza zima pampu, funika tangi lote na nailoni na taulo yenye maji juu, fungua madirisha hewa itoke vizuri ndio uwashe tena. Kama kampuni ya fyumigesheni inakuja bila kuwaambia mapema, tangi ngojeni kwanza mpaka hilo litatuliwe.

Hatua ya 2: Hesabu maji

Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, hizo ni lita. Tangi la 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112, ukitoa changarawe na ile nafasi ya juu unabaki na kama 95 hivi. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo usiliweke kwa ile meza ya plaiwudi ya risepsheni.

Chini ya lita 60 mimi sishauri ofisi. Maji kidogo yanaharibika haraka, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, ndiyo maana tangi la Kisumu linataka samaki wachache kuliko vile video za Ulaya zinakuonyesha. Nunua pia pampu ya betri, ile inajiwasha yenyewe stima ikienda.

Hatua ya 3: Washa filta, tangi likae bila samaki

Hapa ndipo mabosi hukasirika juu walitaka samaki wa leo leo. Kinyesi na chakula kilichooza vinatoa amonia, bakteria wa filta wanaigeuza kuwa naitraiti ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti ambayo samaki anaweza kuvumilia kidogo. Hao bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujijenga. Tupa kijichembe cha chakula kila siku wapate cha kula, ama omba kipande cha sponji chafu kutoka kwa tangi la mtu ambalo linaendelea vizuri, hiyo inapunguza muda sana. Pima kwa kifaa cha kupima maji, amonia ikisoma sufuri na naitraiti sufuri uko tayari. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hivyo tumia dawa ya kuitoa, hasa kama unajaza mengi kwa mara moja.

Hatua ya 4: Sasa samaki

Kwa hizo lita 95 za Kisumu mimi ningeweka hivi: gapi madume 8, plati madume 4, kori 6 na pleko mmoja, yule mdogo mwenye ndevu puani. Basi, usiongeze.

Mbona madume? Juu gapi jike anazaa karibu kila mwezi na anahifadhi mbegu za dume miezi kadhaa, hata ukimnunua akiwa peke yake atakushangaza. Angalia pezi la chini nyuma ya tumbo: la dume limechongoka kama kijiti, la jike limetanuka pembetatu. Muuzaji akikuambia "chukua tu wote ni madume" inama uangalie mwenyewe mmoja mmoja.

Kori wanakaa chini na wanataka wenzao, sita ni nzuri, na chini kuwe na mchanga laini, changarawe kali inaumiza ndevu zao. Kama ofisi yako inapita nyuzi 28 mchana waache, ongeza plati wawili badala yake. Nakuru ndio utaweka danio wenye mistari, hao wanapenda ubaridi kidogo na wanaogelea kama wamechelewa matatu.

Wa kukataa: goldifishi (anachafua sana, anakua mkubwa, na joto letu halimfai), oska (atakula wenzake wote), taiga babu, yaani tiger barb (anatafuna mikia ya gapi), beta, yule samaki mpiganaji, na gapi pamoja, na pleko wa kawaida ambaye dukani ni kidole na baadaye anapita sentimita 30.

Na lazima mtu ataniuliza kuhusu fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, Victoria. Wanapendeza, kweli, majike wa fulu hata hubeba mayai mdomoni, lakini dume anateka kona yake na anafukuza kila mtu, na aliyetolewa ziwani anaweza kuja na vimelea. Fulu anataka tangi lake mwenyewe. Ngege, yaani tilapia, wa ufuo wa Dunga hata tusiongee, atakua mpaka mtu wa akaunti aanze kuuliza nani ana ugali.

Hatua ya 5: Kununua na kuingiza

Nunua Jumatatu ama Jumanne, kamwe sio Ijumaa, ili siku za kwanza mgeni awe na macho ya kumwangalia. Dukani ukiona samaki hata mmoja ana madoa meupe kama chumvi, usichukue yeyote kutoka tangi hilo. Anza na gapi peke yao, wengine wafuate baada ya wiki mbili. Elesha mfuko juu ya maji dakika 15, mimina kikombe cha maji ya tangi ndani yake kila dakika tano, halafu mchote samaki na wavu, maji ya mfuko umwage nje.

Hatua ya 6: Mlishaji mmoja

Ofisi ya watu ishirini ina walishaji ishirini, na mgeni wa kutupa makombo ya chapati. Kopo la chakula likae kwa droo ya mtu mmoja. Kijichembe kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, wikendi hakuna chakula na hawatakufa, samaki mkubwa mwenye afya anakaa hizo siku mbili bila shida.

Kila Jumatano toa ndoo moja ya lita 20, rudisha maji safi yaliyotolewa klorini na yenye joto linalokaribiana. Sponji ya filta suuza ndani ya hiyo ndoo ya maji uliyotoa, sio kwa mfereji, klorini itaua wale bakteria uliongoja mwezi mzima. Ukimaliza, mwagia maua ya risepsheni.