Namna ya Kumpiga Picha Simba Ukiwa Ndani ya Boti

Kisiwani Unguja hakuna simba, lakini mpiga picha wa hapa aliyezoea kuyumba na mawimbi ana ujuzi mwingi wa kumsaidia siku atakapovuka kwenda Mto Rufiji, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019. Nenda wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, madimbwi ya porini yanapokauka na wanyama kulazimika kuteremka mtoni na kwenye maziwa kama Tagalala na Manze.

Kabla ya safari hiyo, fanya mazoezi Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa pomboo wa Ghuba ya Menai, ambao huibuka na kuzama kwa muda mfupi sana. Mwombe nahodha asiwafukuze, kwa sababu pomboo anayefukuzwa hukupa mgongo tu. Lenzi ikirushiwa maji ya chumvi, usiisugue ikiwa kavu. Ifute kwanza kwa kitambaa laini kilichoroweshwa maji yasiyo na chumvi.

Huko Rufiji, jambo kubwa kuliko kamera ni mapatano na nahodha. Kaeni pamoja kabla ya kuondoka na mpatane ishara za mkono, kwani kupaza sauti, "Mzee, zima mashine!", simba akiwa mbele yenu, ni kumfukuza. Mwombe aanzie upande mkondo unakotokea, jua likiwa mgongoni mwenu, kisha azime mashine mapema ili maji yaisogeze boti taratibu. Akikataa kuizima kwa kuhofia viboko, mtii bila kubishana, maana yeye ndiye anayeujua mto.

Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, isipungue 1/1000 ya sekunde, hata ikibidi kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwa sababu chembechembe zinazojitokeza pichani huvumilika ilhali picha iliyotikisika haina dawa. Tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, iache nyumbani, kwani hupeleka mtetemo wote wa sakafu kwenye kamera. Badala yake weka kifuko cha kitambaa kilichojaa choroko juu ya ukingo wa boti, kisha laza juu yake lenzi ya milimita 100–400. Mchanga mweupe wa ukingoni huidanganya kamera ikatoa picha yenye giza, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo.

Simba anapoinama kunywa, mabega yake hupanda juu ya kichwa, ulimi huchota maji harakaharaka, kisha husita na kuinua macho huku matone yakidondoka kidevuni. Bonyeza hapo, ukilenga jicho lililo karibu nawe. Ukiwa garini ungemtazama kwa juu. Ndani ya boti macho yenu hukutana, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuvumilia safari yote.

Akiacha kunywa akaikazia boti macho, masikio yamelala nyuma na mkia ukipigapiga, mpe nahodha ishara ya kurudi nyuma mara moja, kwani mmekwisha kumkaribia mno.