Tikiti moja kwa kila mche: ninavyopata matikiti makubwa nyuma ya nyumba

Msimu wangu wa kwanza hapa Mkuranga niliacha kila tunda lililotunga. Mche mmoja ukabeba matikiti sita, na hata moja halikuzidi ukubwa wa nazi. Majani ndiyo jiko la mmea; walaji wakizidi, kila mmoja anaambulia kidogo. Siku hizi naacha tunda moja kwa mche, na navuna ya kilo 10 hadi 12.

1. Mbegu
Sugar Baby ni tamu sana, lakini ni tikiti la kilo 3 hadi 5 na hakuna samadi itakayolibadili. Ukitaka makubwa, panda Charleston Gray, lile refu la kijani kilichopauka, au Crimson Sweet, la mviringo lenye mistari. Huko Marekani wanaoshindania uzito hupanda Carolina Cross. Mwaka 2013 Chris Kent wa Tennessee alipimiwa tikiti la kilo 159. Pakiti ikiandikwa F1, yaani mbegu chotara, usitunze mbegu za tunda lake, kwa kuwa uzao wake haufanani na mama.

2. Shimo
Mimi huchimba mwezi wa 6, masika yakishaisha, mahali panapopigwa na jua kutwa nzima. Chini ya mwembe usijaribu, wala pale ulipotoa maboga au matango msimu uliopita. Upana sentimita 60, kina 45, na kutoka shimo hadi shimo mita 2. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, kwa hiyo nachanganya debe zima la samadi ya ng'ombe iliyooza, narudishia mpaka panyanyuke kidogo, kisha namwagilia na kusubiri wiki mbili. Samadi mbichi huunguza mizizi.

3. Kupanda
Mbegu tatu kwa shimo, kina cha sentimita 2. Miche ikifikisha majani matatu au manne, bakiza ule wenye afya kuliko yote. Mingine ikate kwa mkasi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya unaobaki. Tandaza makumbi ya nazi au nyasi kavu.

Mche ukianza kutambaa, weka kisoda kimoja cha mbolea ya CAN, ile ya kukuzia, sentimita 15 kutoka kwenye shina, fukia, mwagilia. Usiongeze kwa tamaa, maana utapata majani mengi na matunda machache.

4. Uchavushaji
Hapa ndipo wengi wanapopoteza msimu bila kujua. Maua dume hutangulia, na yakidondoka usihangaike. Ua jike utalitambua kwa kijitikiti kidogo kilicho chini yake. Linafunguka asubuhi moja tu. Nyuki wakiwa wachache, tunda hudondoka au hukua likiwa limepinda upande mmoja.

Basi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi nachuma ua dume lililofunguka siku hiyo, nalitoa petali, kisha ule unga wa manjano naupaka taratibu katikati ya ua jike, pande zote. Ua dume moja linatosha maua jike mawili. Dawa ya wadudu, kama huna budi, pulizia jioni ili usiue nyuki.

5. Kuchagua tunda
Tunda lililo karibu na shina mara nyingi hudumaa. Nangojea yale yanayotunga baada ya jani la kumi hivi kwenye shina kuu linalotambaa, na yakifika ukubwa wa yai nachagua moja: lililonyooka, lenye kikonyo kinene. Mengine yote nakata, na kila wiki narudi kukagua.

Mkono utakuwa mzito. Mama mmoja jirani aliniona akaniambia, "Mwanangu, mbona unakata riziki?" Nikampelekea yale machanga, akayapika kwa nazi kama mumunye. Tangu hapo kila msimu huniulizia.

Tunda uliloliacha lifunike kwa kipande cha chandarua cha zamani, kwani inzi wa matunda hutaga kwenye tunda changa. Yaliyooza fukia chini kabisa. Chini ya tunda weka kipande cha ubao.

6. Maji
Kwenye mchanga wangu natumia lita 10 kwa shimo kila baada ya siku moja, asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani, kwa sababu majani yanayolala na unyevu hukaribisha magonjwa ya ukungu. Niliwahi kusafiri siku tano, niliporudi nikamimina maji mengi kwa huruma, na matikiti mawili yakapasuka usiku huo. Ukame wa ghafla nao huozesha kitako cha tunda. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuvuna, punguza maji ili sukari ikolee.

7. Kuvuna
Andika tarehe uliyochavusha. Kuanzia siku ya 35 tazama ule uzi uliojisokota jirani na kikonyo: ukikauka wote, geuza tunda taratibu uone tumbo. Likiwa jeupe, subiri. Likiwa la manjano kama siagi, kata kwa kisu kikali ukiacha sentimita 5 za kikonyo. Tikiti likishakatwa halizidi utamu, kwa hiyo kama una shaka liache siku mbili zaidi shambani.