Kabla ya kununua nakala ya Roseanna
Ukikutana na Roseanna, riwaya ya Waswidi Maj Sjöwall na Per Wahlöö inayoanza kwa maiti ya mwanamke kuopolewa katika mfereji wa Göta, usihadaike na jalada jipya, bali fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki. Mwaka 1965 utakaouona hapo ni wa chapa ya kwanza ya Kiswidi, si wa nakala uliyoishika. Tafsiri ya Kiingereza ya Lois Roth ilitoka mwaka 1967, na ndiyo iliyorudiwa baadaye, hivyo nakala kuukuu ya bei nafuu inakupa upelelezi ule ule wa polepole wa polisi Martin Beck, mhusika mkuu. Cha kuongezea fedha ni utangulizi wa Henning Mankell, mwandishi Mswidi wa riwaya za upelelezi, katika baadhi ya matoleo mapya, ingawa mimi ningeusoma mwishoni.