Jinsi ya kuelewa na kutumia kitenzi "waive" kwenye barua na mikataba

Kitenzi cha Kiingereza "waive", yaani kuachia haki ya kudai jambo fulani, hakisikiki sana mtaani. Kinakaa kwenye mikataba ya pango, fomu za vyuo vya nje, barua za benki na hati za mahakama, yaani pale ambapo watu hutia sahihi. Kazi yangu ni kutafsiri hati za namna hiyo, na wateja wengi wanakijua kwa upande mmoja tu: wakikiona wanafurahi, wanadhani kuna ada imesamehewa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine wao wenyewe ndio wanaoachia kitu, na sahihi yao iko pale chini.

Hatua ya 1: Kitambue kwa macho

Hutamkwa sawasawa na "wave", kupunga mkono, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Tafuta herufi "i". Wakati uliopita ni "waived", na nomino yake ni "waiver". Usiichanganye na "waver", yaani kusitasita, ambayo nayo hutamkwa vilevile.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye haki

Hapa ndipo penye kazi, usipite haraka. "Waive" maana yake ni kwamba mtu mwenye haki ya kudai jambo fulani ameamua mwenyewe kutolidai. Basi kila ukikutana nacho jiulize: haki hii ilikuwa ya nani, na nani ameiachia?

"The university waived my application fee." Chuo kilikuwa na haki ya kudai ada ya maombi, kikaiachia. Umenufaika wewe.

"I waive my right to review all letters of recommendation." Sentensi ya aina hii hukutana nayo wanafunzi wanaoomba vyuo vya Marekani. Huko kuna sheria ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi aliyejiunga na chuo haki ya kuona kumbukumbu zake, zikiwemo barua walizomwandikia walimu. Ukiweka alama ya kukubali, umeiachia haki hiyo: hutaziona barua zile. Wengi huchagua hivyo kwa makusudi, kwa sababu barua ambayo mwanafunzi hataisoma huaminika zaidi. Ni uamuzi mzuri tu, ilmradi uufanye ukijua unachokiachia.

Kuna pia mahali ambapo anayefaidika na haki siye mwenye mamlaka ya kuiachia. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi unasema kinga ya mwanadiplomasia inaweza kuondolewa na nchi iliyomtuma, tena kwa tamko la wazi. Kwa hiyo gazeti likiandika "the government waived his immunity", usitafsiri kana kwamba balozi amejitolea mwenyewe kwenda mahakamani. Serikali yake ndiyo iliyomvua kinga.

Hatua ya 3: Weka kitu baada ya kitenzi, siyo mtu

Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Sisi husema "nimesamehewa ada", mtu akiwa ndiye aliyesamehewa, kisha tunaandika "I was waived the fee" au "Please waive me". Kiingereza sanifu hakisemi hivyo. Kinachoachiwa ni ada, faini, riba, sharti, haki au muda wa notisi. Andika "The fee was waived" au "Please waive the fee for me".

Ukitaka mtu ndiye awe mtendwa, tumia "exempt": "I was exempted from the fee." Tofauti ya vitenzi hivi viwili inaonekana vizuri kwenye sera ya afya ya Tanzania tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990. Nyaraka za Kiingereza huita "exemption" msamaha wa makundi yaliyotajwa tangu mwanzo, kama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. "Waiver" ni kwa mgonjwa asiye na uwezo, ambaye hali yake huangaliwa kwanza ndipo asamehewe malipo. Sisi tunaita yote mawili "msamaha", kwa hiyo ukitafsiri kwenda Kiingereza itabidi uchague.

Hatua ya 4: Soma kifungu kizima cha mkataba

Karibu kila mkataba wa Kiingereza una sentensi inayofanana na hii:

"No delay by the Landlord in enforcing any term shall constitute a waiver of that term."

Ukiielewa polepole: mwenye nyumba akichelewa kudai jambo lililoandikwa, kuchelewa huko hakuhesabiwi kuwa ameliachia. Sema kodi inatakiwa tarehe 1, nawe umekuwa ukilipa tarehe 10 miezi kadhaa, yeye kimya. Kifungu hiki kimewekwa ili kimya chake kisigeuke kuwa ruhusa. Mpangaji anayekiruka huja kushangaa siku anapodaiwa faini ya kuchelewa.

Hatua ya 5: Andika ombi lako

"I am writing to request that the late payment penalty on my account be waived."

Angalia "be waived". Baada ya "request that", kitenzi hubaki hivyo; usiandike "is waived" wala "to be waived". Fuata na sababu moja iliyo wazi na kiambatisho cha kuithibitisha. Kwa faini na riba tumia "waive". Kwa deni lenyewe, benki nyingi huandika "forgive" au "write off", ingawa magazeti ya India huita misamaha ya mikopo ya wakulima "loan waivers".

Jibu likija, usiishie kwenye "waived". "Waived in full" ni yote, "partially waived" ni sehemu. "Waived on condition that" ina sharti nyuma yake, mara nyingi tarehe ya kumaliza deni, na usipoitimiza faini inaweza kurudi. Hiyo tarehe iandike pembeni kabla hujaikunja barua.