Kuziba dakti za kiyoyozi zinazovuja juu ya dari

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba hupozwa kwa viyoyozi vya ukutani, na mwongozo huu hauzihusu. Unawahusu wenye nyumba za wageni, majumba ya ufukweni na nyumba mpya za mjini ambamo mashine moja imefichwa juu ya dari ya jipsamu na hewa yake hugawiwa vyumbani kwa mifereji, yaani dakti. Malalamiko ninayoyasikia katika nyumba hizo hayatofautiani sana: vyumba vya mwisho havipoi, umeme wa kulipia kabla wa Tukuza unakwisha mbio, na dari imeota madoa ya maji pembeni mwa matundu. Mwenye nyumba hudhani gesi imepungua, fundi huitwa akaongeza gesi, na baada ya muda mfupi malalamiko hurudi yale yale. Mara nyingi tatizo halimo kwenye gesi, limo kwenye maungio ya dakti. Mpango wa Energy Star wa Marekani, unaohimiza matumizi bora ya nishati, hukadiria kwamba katika nyumba ya kawaida ya huko, asilimia 20 hadi 30 ya hewa ipitayo kwenye dakti hupotea kwa mivujo, matundu na maungio mabaya, na sioni sababu ya kudhani kwamba kazi zetu ni bora kuliko zao.

Kabla ya kununua chochote, elewa kwamba mfumo una pande mbili. Upande wa kupeleka hewa hubeba baridi kutoka kwenye mashine hadi vyumbani, na kila ufa wake husukuma hewa nje. Upande wa kurudishia huvuta hewa ya vyumbani kuirejesha kwenye mashine, na kila ufa wake hunyonya kilicho jirani. Chini ya paa la bati, kilicho jirani ni hewa ambayo mchana joto lake linaweza kupita nyuzi 50, vumbi, kinyesi cha popo na panya, na unyevu wa pwani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 25 hivi, na kwa hiyo mashine inayoinyonya hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kugeuza mvuke kuwa maji kabla haijafika kwenye kazi uliyoinunulia. Ndiyo maana mimi huanza upande wa kurudishia, ingawa mafundi wengi huanza na upande wa kupeleka kwa kuwa baridi inayovuja huhisika kwa mkono.

Hii haina maana kwamba mivujo ya upande wa kupeleka haina madhara. Hewa baridi ikimwagika juu ya dari, nyumba hupungukiwa na hewa, kisha hujazia upungufu huo kwa kuvuta hewa ya nje kupitia chini ya milango na katikati ya mbao za madirisha. Ukiona mlango wa chumba unajivuta wenyewe mashine inapowaka, dalili hiyo usiipuuze.

Hatua ya kwanza: pima ukiwa chini

Washa mashine, funga milango na madirisha, na uiache ifanye kazi kwa nusu saa. Chukua kipimajoto cha kawaida cha tarakimu na upime hewa inayoingia kwenye tundu la kurudishia, kisha hewa inayotoka kwenye tundu la kupeleka lililo karibu zaidi na mashine, kisha lililo mbali zaidi. Andika namba zote. Kati ya hewa inayoingia na ile inayotoka, tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 ni ya kawaida. Halafu upande juu na upime hewa pale inapoingia kwenye mashine yenyewe. Ikiwa chumbani ilikuwa nyuzi 25 na mlangoni mwa mashine ni nyuzi 28, basi njiani imechanganyika na hewa ya darini, na una mvujo wa kurudishia hata kama bado hujauona. Vivyo hivyo, hewa ikitoka kwenye mashine ikiwa nyuzi 14 na kufika chumba cha mwisho ikiwa nyuzi 18, ama inavuja, ama ngozi ya kuzuia joto imeharibika, ama yote mawili.

Hatua ya pili: hakikisha dakti ya kurudishia ipo

Hatua hii inaweza kuonekana ya ajabu, lakini katika majumba mengi yaliyojengwa kwa haraka, aliyefunga mashine aliweka tundu zuri la kurudishia kwenye dari, akafunga chujio, halafu akaiacha mashine ivute hewa kutoka kwenye nafasi yote iliyo juu ya dari. Hakuna dakti kati ya tundu na mashine. Ukilifungua tundu na kumulika tochi ukaona kenchi na mabati, mashine yako inajaribu kulipoza paa. Katika hali hiyo usipoteze mastiki, yaani uji mzito wa kuzibia dakti, kwenye maungio madogo. Mwambie fundi wa bati, au fundi wa bodi za dakti zenye karatasi ya alumini pande zote mbili, atengeneze sanduku linalounganisha tundu na mdomo wa mashine, lenye upana usiopungua ule wa mdomo wenyewe, kwa sababu sanduku jembamba huibana feni na kuifanya ipige kelele.

Katika nyumba za Mji Mkongwe hali hiyo hiyo huja kwa sura nyingine. Kwa kuwa sakafu za juu zimebebwa na boriti na hakuna nafasi ya kupitisha kitu ndani yake, dakti hupitishwa chini ya boriti ndani ya masanduku ya jipsamu, na baadhi ya mafundi hulitumia sanduku lenyewe, au upenyo wa zamani ndani ya ukuta, kama njia ya kurudishia hewa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupitisha hewa na unyevu, na hutoa unga usiokwisha ambao huishia kwenye koili ya mashine, yaani mabomba yake ya kupozea hewa. Upenyo kama huo uvishwe bati au bodi ya dakti ndani, kisha uzibwe kingo zake. Kupaka rangi hakutoshi.

Hatua ya tatu: itafute mivujo

Panda mapema, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, ukiwa na barakoa, glavu, miwani ya kinga na mtu wa pili anayekungojea chini ya ngazi. Kanyaga kenchi au ubao uliolazwa juu ya kenchi, kwa maana jipsamu haibebi mtu. Mashine iwe inawaka. Pitisha kijiti cha udi taratibu kando ya kila ungio: upande wa kurudishia moshi utanyonywa ndani, upande wa kupeleka utatawanywa. Usipande na chetezo chenye makaa, hata kama moshi wake unaonekana vizuri zaidi, kwani juu kuna mbao kavu na vumbi jingi, na kijiti nacho uwe na kopo la maji la kukizimia.

Kagua kwa mpangilio huu: sanduku la kurudishia, mlango wa chujio, maungio ya mashine na dakti kuu, matawi, viwiko, na mwisho vikombe vinavyoshuka kwenye matundu ya dari. Weka alama kwa kalamu nene kila unapouona mvujo. Mistari ya vumbi jeusi kwenye pamba ya kuhami joto pia ni alama, kwa sababu pamba huchuja vumbi la hewa inayopita ndani yake.

Vifaa

Utahitaji mastiki ya dakti inayochanganyika na maji, tepu ya wavu kama ile ya mafundi jipsamu, tepu ya alumini, skrubu za bati, vibana vya plastiki, brashi kuukuu, vitambaa na spiriti. Tepu ya kijivu yenye kitambaa, ambayo watu wengi huiamini kwa sababu inanata sana siku ya kwanza, iache dukani. Mwaka 1998 watafiti Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walitoa matokeo ya kuvipima viziba mbalimbali vya dakti, na tepu hiyo ndiyo iliyoshindwa. Joto huikausha gundi yake, na joto la chini ya bati unalijua. Kwenye tepu ya alumini na kwenye kopo la mastiki tafuta maandishi ya UL 181, ambacho ni kiwango cha Marekani cha dakti na viziba vyake. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa kwa nyumba za ufukweni.

Hatua ya nne: kaza kwanza, ziba baadaye

Zima mashine kwenye swichi kuu. Toa tepu za zamani zote, kwani mastiki iliyopakwa juu ya tepu inayobanduka itabanduka pamoja nayo. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha futa mafuta na chumvi kwa spiriti, na uache pakauke kabisa. Kizibo hakibebi uzito. Ungio linalocheza likipakwa mastiki litapasuka baada ya miezi michache ya mtikisiko wa feni. Kwa hiyo funga skrubu zisizopungua tatu kuzunguka kila ungio la duara, na kwenye dakti za pembe nne kaza kila upande.

Ufa usiozidi milimita 6 unapakwa mastiki peke yake. Ufa mpana zaidi uwekewe kwanza tepu ya wavu, kisha mastiki isukumwe ndani ya matundu ya wavu hadi yafunikwe. Shimo linalopitisha kidole lizibwe kwa kipande cha bati kilichofungwa skrubu, halafu kingo zake zipakwe. Tabaka liwe nene kama sarafu, karibu milimita 2, na lipite kingo za ungio kwa sentimita 2 na nusu kila upande. Usilivute likawa jembamba kwa nia ya kubana matumizi.

Mlango wa chujio na kifuniko cha mashine visipakwe mastiki, kwa sababu vitafunguliwa tena wakati wa usafi. Vitie sponji ya mpira kwenye kingo, au tepu ya alumini inayoweza kubadilishwa.

Mastiki hukauka juu kwa saa chache lakini huhitaji siku nzima au zaidi kabla ya mashine kuwashwa kwa nguvu zote. Wakati wa Masika iongezee muda. Mwenye uhuru wa kuchagua aifanye kazi hii wakati wa Kipupwe, ambapo mvua imepungua, joto la darini linavumilika na nyumba inaweza kukaa bila kiyoyozi kwa siku mbili.

Hatua ya tano: dakti laini

Dakti laini zinazokunjika zina ngozi tatu: bomba la ndani, pamba katikati, na ganda la nje linalozuia mvuke. Kosa la kawaida ni kulifunga ganda la nje tu na kuliacha bomba la ndani likielea. Rudisha ganda na pamba nyuma, paka mastiki kwenye shingo ya bati, vuta bomba la ndani liipande shingo kwa sentimita 5 angalau, likaze kwa kibana, kisha rudisha pamba hadi ifike mwisho na ulifunge ganda kwa kibana cha pili na tepu ya alumini. Dakti yenyewe inyooshwe. Iningʼinizwe kwa mikanda yenye upana wa sentimita 4 au zaidi kila baada ya mita 1.2 hadi 1.5, na isilegee zaidi ya sentimita 4 kwa kila mita. Uzi wa kufungia au waya mwembamba huinyonga na kuizuia hewa. Kipande kilichotafunwa na panya kikatwe na kubadilishwa.

Hatua ya sita: bomba la maji

Mvujo huu husahaulika. Katika mashine nyingi za darini, koili na sinia lake la kukusanyia maji vipo upande ambao feni inavuta, kwa hiyo bomba la kutoa maji lisilo na mtego, yaani kona ya U inayobaki na maji, hunyonya hewa kutoka nje. Hewa hiyo huyazuia maji yasishuke, sinia hufurika, na doa huonekana kwenye jipsamu. Weka mtego na uujaze maji. Mashine yenye pampu ya kupandishia maji haihitaji mtego huo. Fuata maelekezo ya mtengenezaji. Tundu lolote ambamo mabomba ya shaba na nyaya hupita kwenye sanduku la mashine lizibwe pia, lakini mabomba ya gesi yenyewe usiyalegeze wala kuyapinda.

Hatua ya saba: rudisha ngozi, kisha pima tena

Ngozi ya kuhami joto irudishwe baada ya mastiki kukauka, si kabla, na ganda lake lizibwe kila mahali lilipochanwa. Bati lenye nyuzi 14 likiachwa wazi hata kwa upana wa kiganja litatona mchana kutwa, na pamba iliyolowa haizuii tena joto. Vikombe vya matundu vizibwe pia pale vinapokutana na jipsamu, kwa kuwa ufa huo huingiza hewa ya darini chumbani.

Safisha chujio, washa mashine kwa nusu saa, na upime sehemu zile zile ulizozipima mwanzo, saa ile ile ya siku ikiwezekana. Hewa inayoingia kwenye mashine isizidi ile ya chumbani kwa zaidi ya nyuzi 1. Tundu la mbali litoe hewa yenye joto linalokaribiana na la tundu la karibu. Tofauti ikiwa bado ni kubwa, rudi kwanza kwenye sanduku la kurudishia na kijiti chako cha udi, kabla ya kumwita mtu wa gesi; na namba za siku hiyo ziandike kwa kalamu nene juu ya kifuniko cha mashine, ili atakayepanda kabla ya Kaskazi ijayo awe na cha kulinganisha.