Kununua pikipiki aina ya kruza iliyotumika Mombasa

Chumvi ya bahari ndiyo adui wa kwanza. Fungua tangi la mafuta, mulika ndani kwa tochi: kutu ikishaanza humo, itaziba kabureta hata ukiisafisha mara ngapi. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele. Penye vishimo vya kutu, sili mpya (mpira unaozuia oili) itachanika na oili itavuja tena. Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Ikiwaka baridi na kutoa moshi wa buluu, oili inaungua ndani, na matengenezo yake ni ghali.

Linganisha namba ya chesisi, shingoni mwa fremu, na ile ya logibuku, hati ya umiliki. Usimalize malipo kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho wa umiliki katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nawe muuzaji, hakikisha mnunuzi ameukubali. La sivyo, makosa yake barabarani yatakutafuta wewe.