Jinsi ya kufuatilia jina adimu la ukoo la Uskoti: mfano wa Isbister wa Orkney

Anayeanza kutafuta habari za jina la ukoo la Uskoti huulizia mambo mawili: ni la ukoo gani wa milimani, na kitambaa chake cha tartani kina rangi zipi. Kwa majina ya Orkney, visiwa vilivyo ng'ambo ya ncha ya kaskazini ya Uskoti, maswali hayo hayakufikishi popote. Orkney haikuwa na mfumo wa koo na machifu kama wa Nyanda za Juu. Wengi wa watu wake walichukua majina ya mashamba waliyolima, na majina ya mashamba hayo yalitoka kwa wahamiaji wa Kinorwe waliofika kwa merikebu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Katika kazi ya kutafuta nasaba napenda kufundishia jina Isbister, kwa sababu linamlazimisha mtafutaji aanze na ardhi. Ni jina adimu Uskoti, lina tahajia nyingi, na limesafiri mbali kuliko udogo wake unavyoonyesha. Andaa lahajedwali tupu, ramani, na akaunti kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, ambayo ni ya hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za Uskoti. Kujiandikisha na kutafuta kwenye faharasa ni bure. Unalipia pale unapotaka kuiona picha ya ukurasa wenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kabla ya kutafuta mtu

Mwisho wa jina, -bister, unatokana na neno la Kinorwe cha kale bólstaðr, yaani shamba lenye makazi. Ukitazama ramani ya Orkney utaliona kila upande: Kirbister, Swanbister, Foubister. Sehemu ya kwanza ya Isbister usiilazimishe kuwa na maana moja kila mahali, kwa maana mashamba yenye jina hili ni kadhaa. Orkney lipo kisiwani South Ronaldsay, lipo Rendall, na lipo Birsay, ambako hata ziwa moja linaitwa Loch of Isbister. Ukivuka bahari kwenda Shetland utalikuta North Roe, na tena kwenye kisiwa cha Whalsay.

Fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ni bure, na ina ramani za kina za serikali za karne ya 19 zinazoonyesha shamba mojamoja. Weka alama kwenye kila Isbister. Kisha angalia madaftari ya majina ambayo wapimaji wa ramani hizo waliyaandika. Humo utakuta tahajia za kila jina la mahali na nani aliyeithibitisha: mwenye shamba, mchungaji wa parokia, au mwalimu.

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo roho ya kazi yote. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataielewa upesi akikumbuka nisba, jina linalotaja mahali mtu alikotoka. Sheikh Uways al-Barawi aliitwa hivyo kwa kuwa alitoka Barawa, mji wa pwani ya Somalia, na kila mtu anajua kwamba Barawi wawili si lazima wawe ndugu. Isbister ni vivyo hivyo. Mtu aliyetoka Isbister ya Rendall na mwenzake wa Isbister ya South Ronaldsay wangeweza kubeba jina moja pasipo kuwa na babu mmoja. Jina kuwa adimu hakumaanishi kwamba wote wenye nalo ni wa damu moja, na miti mingi ya ukoo iliyowekwa mtandaoni imejengwa juu ya dhana hiyo.

Utakutana pia na kaburi la kale la mawe huko South Ronaldsay linaloitwa Isbister, maarufu kama Kaburi la Tai kwa sababu ya mifupa ya tai wa baharini iliyokutwa ndani. Liligunduliwa na mkulima mwaka 1958, na umri wake ni takriban miaka 5,000. Limeitwa Isbister kwa sababu ya shamba lilipo. Waliozikwa humo waliishi maelfu ya miaka kabla Mnorwe wa kwanza hajatia nanga Orkney, kwa hiyo usiwaingize kwenye mti wa ukoo.

Hatua ya 2: Orodhesha tahajia zote

Orkney ilikuwa chini ya wafalme wa Norwe na Denmark hadi mwaka 1468, mfalme Christian wa Kwanza alipoiweka rehani kwa ajili ya mahari ambayo yeye, kama baba wa bibi arusi, alipaswa kumtolea binti yake Margaret, aliyeolewa na James wa Tatu wa Uskoti. Rehani hiyo haikukombolewa kamwe. Watu wa kawaida waliendelea kusema Kinorn, lugha ya asili ya Kinorwe, hadi karne ya 18, ilhali makarani na wachungaji waliandika kwa Kiskoti na Kiingereza. Karani alisikia jina kwa sikio la lugha nyingine na kuliandika alivyoweza. Ndiyo maana utakuta Isbister, Isbester, Isbuster, Ysbuster na nyinginezo, wakati mwingine kwa mtu yuleyule.

Tumia alama za kujazia. Kwenye kisanduku cha jina andika ?sb?ster, ambapo kila alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja. Utafutaji huo mmoja utakamata tahajia zote nne nilizotaja. Kwenye lahajedwali weka safu mbili: tahajia kama ilivyo kwenye daftari, na tahajia sanifu unayoitumia wewe. Usiifute ya kwanza hata kidogo. Mara nyingine tahajia moja hung'ang'ania kwenye parokia moja, na hapo inakuonyesha tawi la familia.

Hatua ya 3: Anzia 1855, kisha rudi nyuma

Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Mwaka huo wa kwanza una hazina ya pekee. Fomu zilidai habari nyingi mno: cheti cha kuzaliwa kiliandika umri wa wazazi, walikozaliwa, walikooana na lini, pamoja na watoto waliotangulia. Makarani walilemewa, na kuanzia 1856 maswali mengi yaliondolewa. Ukimpata Isbister yeyote katika rejista za 1855, lipia picha yake bila kusita.

Kwa miaka mingine, cheti cha kifo ndicho kinachokupa mengi, kwa sababu kinataja majina ya baba na mama wa marehemu, na jina la mama la kabla ya ndoa. Uskoti mwanamke hakupoteza jina lake la kuzaliwa mbele ya karani. Aliyeolewa huorodheshwa kwenye faharasa ya vifo kwa majina yote mawili. Kwa jina adimu jambo hili ni kubwa, maana mabinti ni nusu ya ukoo, na katika nchi nyingi hutoweka kwenye karatasi siku wanapoolewa.

Sensa soma kwa tahadhari. Ya 1841 inasema tu kama mtu alizaliwa ndani ya kaunti ile, na umri wa watu wazima kwa kawaida uliteremshwa hadi tano ya karibu, hivyo mwenye miaka 44 akaandikwa 40. Kuanzia 1851 unapata parokia ya kuzaliwa, nayo ndiyo habari unayoihitaji kwa ramani.

Nyuma ya 1855 kuna madaftari ya parokia ya Kanisa la Uskoti. Hapa subira inahitajika. Ubatizo haukuwa wa lazima kuandikwa, kurasa zimepotea, na kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza ushuru wa peni tatu kwa kila ingizo, hivyo wazazi wengi maskini hawakuwaandikisha watoto wao. Ukikuta pengo katika miaka hiyo, usifikiri kwamba familia ilihama.

Kuna desturi itakayokusaidia kuunganisha vizazi: mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na binti wa kwanza la bibi mzaa mama. Lakini desturi hiyohiyo huzaa wajina wengi. Ukitafuta “James Isbister” utapata wawili mashuhuri. Mmoja aliuawa na bomu la ndege ya Kijerumani pale Brig o' Waithe, Orkney, tarehe 16 Machi 1940, raia wa kwanza wa Uingereza kuuawa nchini mwake kwa shambulio la anga katika Vita Kuu ya Pili. Mwingine alikuwa kiongozi wa Wametisi huko Kanada, watu wenye asili ya mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu, na tutamfikia. Kwa hiyo kila mtu kwenye lahajedwali lako apewe namba yake mwenyewe, kwa kuwa jina pekee halimtambulishi.

Hatua ya 4: Hesabu kwa uwiano

Sasa chagua mwaka mmoja wa sensa, tuseme 1881, na uhesabu wenye jina hili katika kila parokia. Ramani inayoonyesha idadi tupu itakudanganya, maana miji mikubwa hujaa kila jina. Chukua mfano wa kubuni: watu 40 Orkney na watu 40 Glasgow. Orkney wakati ule ilikuwa na wakazi takriban 32,000, Glasgow karibu nusu milioni. Kwa kila watu 10,000, Orkney inapata zaidi ya 12, Glasgow haifiki hata mmoja. Paka rangi ramani yako kwa kipimo hicho cha pili.

Shetland ihesabu peke yake. Huko familia nyingi ziliendelea kumwita mtoto kwa jina la baba, Magnusson kwa mwana wa Magnus, hadi ndani ya karne ya 19. Jina la shamba lililokuwepo Shetland halimaanishi kwamba kila Isbister wa huko alitoka kwenye shamba hilo. Huenda baba yake alivuka kutoka Orkney. Tafuta parokia ya kuzaliwa kwanza.

Hatua ya 5: Fuata merikebu

Ukiishia Uskoti utakuwa umeona nusu tu ya jina hili. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 18, merikebu za kampuni ya Hudson's Bay zilitia nanga Stromness, Orkney, kila kiangazi, kuchukua maji na wafanyakazi kabla ya kuelekea Kanada kwenye biashara ya manyoya. Vijana wa Orkney walijua mashua, walizoea baridi, na walikubali mshahara mdogo. Mwishoni mwa karne hiyo takriban robo tatu ya watumishi wa kampuni kule Kanada walikuwa watu wa Orkney. Wengi walioa wanawake wa Kikrii, mojawapo ya jamii za wenyeji wa Kanada, na watoto wao wakabeba majina ya mashamba ya visiwani hadi mtoni Saskatchewan.

Kumbukumbu za kampuni zimehifadhiwa Winnipeg, Manitoba, na hifadhi hiyo imeweka mtandaoni karatasi za wasifu wa wafanyakazi kwa mpangilio wa alfabeti. Karatasi moja inaweza kukupa parokia aliyotoka mtu, miaka aliyofanya kazi, na vituo alivyopangiwa. Parokia ndiyo dhahabu: ikisema South Ronaldsay au Birsay, unarudi kwenye alama ulizoweka hatua ya kwanza na kujua uchimbe wapi.

Alexander Kennedy Isbister alizaliwa mwaka 1822 Cumberland House, katika Saskatchewan ya leo, mwana wa karani kutoka Orkney na mama aliyekuwa na damu ya Kikrii. Alipokuwa mtoto alipelekwa shule Orkney. Baadaye alikuwa mwalimu na mwanasheria London, na mwaka 1847 aliwasilisha kwa serikali ya Uingereza malalamiko ya watu karibu 1,000 wa Red River, makazi yaliyokuwa katika Manitoba ya leo, dhidi ya ukiritimba wa kampuni ileile iliyomwajiri baba yake. Alifariki 1883 na kukiachia Chuo Kikuu cha Manitoba mali yake kwa ajili ya ufadhili wa wanafunzi, bila kubagua jinsia wala rangi. Namtaja kwa moyo wote. Jina lililotoka shambani lilifika Bungeni, likibebwa na mtu ambaye watawala wengi wa zama zake walimdharau kwa asili yake.

James wa Kanada, niliyemtaja juu, alikuwa miongoni mwa wajumbe wanne waliosafiri hadi Montana mwaka 1884 kumwomba Louis Riel arudi kuwaongoza Wametisi. Kwa familia za aina hii tafuta maombi ya hati za ardhi za Wametisi katika Maktaba na Hifadhi ya Kanada. Mwombaji alitaja wazazi wake na mahali alipozaliwa, mara nyingi kwa undani kuliko cheti chochote cha kanisa. Kumbuka pia kwamba baadhi ya familia za wenyeji zilipewa majina ya Kizungu wakati wa ubatizo, hivyo Isbister wa jamii ya Kikrii asihesabiwe kuwa mjukuu wa mtu wa Orkney mpaka karatasi iseme.

Hatua ya 6: DNA, kama karatasi zimegoma

Kipimo cha kromosomu Y hufuata njia ya baba kwa baba, sawa na jina lenyewe. Pima wanaume wa Isbister ambao karatasi zimewafikisha kwenye mashamba tofauti. Wakitofautiana sana, umepata ushahidi wa asili zaidi ya moja. Wakifanana, bado unahitaji karatasi kukuambia ni shamba lipi. Omba ridhaa yao kwa maandishi kabla ya kuonyesha matokeo kwa yeyote.

Hatua ya 7: Chora ramani ya tabaka tatu

Tabaka la kwanza ni mashamba. La pili ni uwiano wa sensa kwa parokia. La tatu ni mistari ya safari: shambani hadi Stromness, Stromness hadi Ghuba ya Hudson, na mistari mifupi ya kwenda bandari ya Leith na Glasgow. Kila mstari uandikie mwaka na aina ya kumbukumbu. Uliothibitishwa uwe mzito, wa kukisia uwe wa nukta.

Mistari ya nukta ikibaki, andika kwa Maktaba na Hifadhi ya Orkney mjini Kirkwall. Barua iwe fupi: jina na tahajia zake, parokia, miaka usiyovuka, kumbukumbu ulizokwisha kusoma, na swali moja tu. Ukiuliza “nipeni historia ya Isbister” utajibiwa kwa jumla. Ukiuliza nani alikuwa mpangaji wa Isbister ya Rendall kati ya miaka miwili unayoitaja, umempa mhifadhi daftari la kufungua.